Urithi wa Taifa Namba 4417

Msiitafute Jamhuri ya Kwetukwema kwenye ramani. Ramani yake iko ofisi ya ardhi, na ofisi ya ardhi imefungwa kwa ukarabati tangu mwaka ilipozinduliwa. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo wa beti saba, na ina serikali sikivu ambayo wenye chuki huisingizia kwamba ilimficha Mheshimiwa Fulgensi Kandoroba ili asishitakiwe. Huo ni uzushi mtupu. Mheshimiwa hakufichwa hata siku moja. Alionekana kwenye harusi za wakubwa, kwenye uzinduzi wa visima, na kwenye kalenda ya chama, mwezi wa nane, akiwa ameshika jembe jipya. Serikali ilichokataa ni kumkabidhi kwa nchi jirani ya Sangale iliyokuwa ikimtaka kwa rushwa, na ilikataa kwa moyo mzito, kwa maandishi, mara tatu.

Aliyemtaka akabidhiwe kuliko hata Sangale yenyewe alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Rozina, ingawa mtaani kwake hakuna aliyelitumia jina hilo. Alikuwa Mama Lazaro. Alikuwa amefanya kazi Makumbusho ya Taifa miaka thelathini na mmoja, akifuta vumbi ngoma za machifu na viti vya enzi, akivipiga dawa ya mchwa na kuviandika namba, mpaka alipostaafishwa kwa cheti na seti ya vikombe. Majirani walimjua kwa upole wake. Upole huo ulizikwa siku moja na mwanawe.

Lazaro alikuwa fundi umeme wa miaka ishirini na sita. Figo zake zilipogoma, watu walimpa mama yake pole na hongera kwa pamoja, kwa kuwa hospitali kuu ilikuwa imepokea mashine kumi na mbili mpya za kusafisha damu. Zilinunuliwa kwa mfuko wa pamoja wa Kwetukwema na Sangale, wakati Kandoroba akiwa Waziri wa Afya. Siku ya uzinduzi kulikuwa na bendi ya matarumbeta. Lazaro akawa analazwa pembeni ya mashine hizo mara tatu kwa wiki, na kila wiki akazidi kuvimba.

Wiki ya tatu alimvuta mama yake karibu, akamwambia kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kazini anapomweleza mwenye nyumba kwamba nyaya zake zimeungua.

"Mama, hii ni feni."

Alikuwa ameisikiliza siku zote hizo akiwa hana kazi nyingine ya kufanya. Ndani ya kasha lile jeupe mlikuwa na feni ya mezani na taa ya kijani, basi. Damu iliingia kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine vilevile ilivyotoka. Mama Lazaro akakimbilia kwa muuguzi, muuguzi akamwonyesha nembo ya ubora iliyobandikwa ubavuni. Lazaro alikufa siku ya Alhamisi, taa ya kijani ikiwaka vizuri sana.

Tangu hapo mama huyu alikuwa na haja moja duniani. Alitaka jaji wa kweli amwulize Kandoroba ndani ya mashine mlikuwa na nini, naye ajibu akiwa amesimama. Kwetukwema jambo hilo lisingewezekana, maana faili la kesi lililiwa na panya waliopita juu ya mafaili mengine mia tatu bila kuyagusa. Sangale, ambako nusu ya fedha zile zilitoka, walikuwa na faili zima na majaji wasiopokea simu za watu wasiowajua.

Wakili Pili Machenga, mwenye ofisi yake juu ya duka la magodoro, alikubali kumsimamia Mama Lazaro bila malipo. Shangazi yake alikuwa amelazwa kwenye mashine ya pili kutoka dirishani.

Barua ya kwanza ya serikali ilisema Mheshimiwa ni mgonjwa na hawezi kusafiri zaidi ya kilomita mbili. Pili akafungua shauri kuipinga. Mwanasheria Mkuu, mtu mwenye sauti nene na leso kubwa, akaleta vyeti vya madaktari kumi na wanne, mmoja wao wa mifugo. Shauri liliahirishwa mara mbili kwa sababu mgonjwa alikuwa amekwenda ng'ambo kutazama mpira. Jaji Tibasana, ambaye alipenda haki lakini alipenda zaidi kustaafu salama, akaona kwamba kutazama mpira nako ni aina ya matibabu. Hata hivyo akaitupa barua ya serikali, kwa sababu haikuwa na tarehe.

Barua ya pili ilikuwa na tarehe. Ilisema serikali ingependa sana kumkabidhi Fulgensi Kandoroba, ila imeshindwa kumpata. Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa amekaa safu ya mbele mahakamani, amevaa suti ya rangi ya maziwa, akila korosho. Pili akamwonyesha kwa kidole. Mwanasheria Mkuu akamtazama kwa makini, akamsalimia, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akaiambia mahakama kwamba msako bado unaendelea na wananchi wawe watulivu.

Mama Lazaro alikuwa amekaa nyuma ya Kandoroba kabisa. Aliiona shingo yake nene, na aliyasikia meno yake yakivunja korosho. Angeweza kumfikia kwa mkono. Aliikalia mikono yake yote miwili mpaka ikafa ganzi.

Hapo ndipo Sangale, ambao ndio wanaoiuzia Kwetukwema umeme, walipouzima kwa siku moja tu, kwa bahati mbaya, katika mtaa wa majaji. Jaji Tibasana akapata ujasiri ambao haujawahi kuonekana katika mahakama ile. Aliipa serikali wiki mbili ilete sababu ambayo mtu mzima anaweza kuisikiliza hadi mwisho, au sivyo Mheshimiwa apandishwe ndege.

Wiki mbili zilipokwisha, Mwanasheria Mkuu aliingia akitabasamu, mkononi ana Tangazo la Serikali lenye saini ya Rais na muhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka. Kwa mamlaka ya Sheria ya Urithi, Fulgensi Kandoroba alikuwa ametangazwa kuwa kitu cha urithi wa taifa, daraja la kwanza, sawa na kigoda cha chifu. Na sheria ile ile inakataza kitu cha urithi kutolewa nje ya mipaka.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, na leso ikapanda na kushuka, "huyu si mtu tena wa kusafirishwa. Huyu ni sisi sote. Ukimpeleka Sangale umepeleka taifa zima Sangale, na taifa, kwa kumbukumbu zetu, halina pasipoti."

Ukumbi ulishangilia, hasa wale waliokuwa wameletwa na basi la chama. Kandoroba alisimama akainama kushoto na kulia. Wakili Pili aliweka kalamu chini. Alikuwa amejiandaa kwa uongo wa kila aina isipokuwa huu.

Mama Lazaro akaomba alione Tangazo. Akalisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Akauliza kama limekwisha kuchapishwa, akaambiwa tayari. Akauliza kama Rais anaweza kulifuta, akaambiwa hawezi, sheria haimruhusu kufuta urithi. Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamwanguka, na Pili akamshika mkono kwa hofu, akidhani mteja wake amepatwa na wazimu.

Miaka thelathini na mmoja ni mingi. Katika miaka hiyo yote, mtu mmoja tu pale makumbusho alikuwa amezisoma Kanuni za Utunzaji wa Vitu vya Urithi, kurasa sitini na nne. Wenzake walizitumia kukalia wakati wa mvua. Na walioliandika lile Tangazo ofisini kwa Mwanasheria Mkuu walifanya walivyozoea kufanya na sheria zote: walisoma kifungu wanachokihitaji, wakafunga kitabu, wakaenda kula.

Kanuni ya tatu ilisema kila kitu cha urithi kitapelekwa makumbusho ndani ya siku saba, kitapewa namba, kitawekwa nyuma ya kioo, na wananchi watakiona siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kanuni ya nne ilimpa mwananchi yeyote haki ya kwenda mahakamani endapo kitu kitazagaa mitaani. Pili alifungua shauri siku hiyo hiyo.

Mwanasheria Mkuu alilalamika kwamba kanuni hizo ni za vitu, na Mheshimiwa ni binadamu. Pili akasema kama ni binadamu hakuna shida, ndege ya Sangale iko uwanjani na rubani ameshakunywa chai. Mwanasheria Mkuu akafuta jasho, akaomba dakika tano apige simu. Zilichukua saa tatu. Aliporudi aliiambia mahakama kwamba serikali inajivunia makumbusho yake. Kandoroba, ambaye muda wote alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu, alitikisa kichwa kuunga mkono. Maana ya alichokiunga mkono alielezwa na askari mlangoni.

Bwana Tweve, Mkurugenzi wa Makumbusho, alikuwa mtu wa utaratibu ambaye hakuwahi kupokea kitu cha daraja la kwanza tangu ateuliwe. Hakuwa na mtumishi hata mmoja aliyejua maandalizi yake, akamwomba Mama Lazaro arudi kwa mkataba wa muda. Hata angemwambia alipe ili arudi, Mama Lazaro angelipa.

Mama Lazaro alimwandika Kandoroba namba kwa mkono wake, 4417, kwenye kisigino cha kulia, kwa brashi nyembamba, akasubiri ikauke, akarudia. Kila asubuhi alimpiga brashi ya manyoya kuanzia utosini, akiingia masikioni na kati ya vidole, kama kanuni zinavyotaka. Dawa ya mchwa hupigwa kwenye kitu chochote chenye asili ya mti, ngozi au nywele, na Mheshimiwa alikuwa na ngozi ya kutosha na nywele kidogo. Chakula ni marufuku ukumbini kwa sababu ya mende. Kwa hiyo alitolewa uani saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, akala amesimama, huku Bwana Tweve akiandika kwenye daftari kwamba kitu kimetoka na kitu kimerudi. Simu ilikatazwa. Mwanga wa simu huchubua rangi za vitu vya kale.

Alilalamika, bila shaka. Aliita wanasheria, aliita wazee wa chama, aliita Mungu. Wazee wa chama walikuja siku moja wakiwa na wajukuu zao, wakapiga picha, wakasema amewekwa vizuri. Wanafunzi wa shule za msingi waliingia bure, wakakaa sakafuni wakamchora. Mwalimu aliwapa maswali: kitu hiki kina umri gani, kimetengenezwa na nini, kilitumika kwa kazi gani. Kwenye swali la tatu darasa zima liliandika kwamba haijulikani.

Sitaipamba habari hii. Mama Lazaro alifurahi. Alikuwa na furaha mbaya, ya kutafuna taratibu, na hakuiona haya. Saa tatu alifungua pazia, akaweka stuli yake mbele ya kioo, akamtazama. Alimtazama akijikuna. Alimtazama akigeukia ukuta, kisha akamgeuza, maana kanuni zinataka uso uelekee wageni. Nyumbani alilala usingizi mzito, jambo ambalo hakulijua tangu msiba. Wakili Pili alipomwuliza kama sasa ameridhika, alisema bado, lakini anaendelea vizuri.

Mwezi wa tano wa kukaa kwake nyuma ya kioo ndipo lilipotokea jambo lililowafanya wanasheria wa Kwetukwema wanunue vitabu vipya. Mheshimiwa Kandoroba alifungua shauri kupinga uamuzi wa serikali wa kukataa kumkabidhi Sangale. Katika hati ya kiapo alieleza kwamba Sangale ni nchi ya sheria, jela zake zina vitanda, na mshitakiwa huko huruhusiwa kukaa na kula kwa wakati mmoja. Aliomba apelekwe haraka, hata kwa lori.

Serikali ilimpinga kwa nguvu zake zote. Mwanasheria Mkuu alisema kwa uchungu kwamba hajapata kusikia kigoda kikishitaki. Ila kila mtu ukumbini aliiona hofu yake, na hofu ile haikuwa ya vigoda.

Jaji Tibasana alikwama, akauliza kama kuna yeyote mwenye njia. Mama Lazaro akanyanyua mkono. Ipo kanuni ya hamsini na moja, akasema: kitu cha urithi hakitolewi nchini, lakini kinaweza kuazimwa na nchi rafiki, mradi mtunzaji wake aridhie kwa saini na kumbukumbu za kitu ziwe zimejazwa kikamilifu. Mtunzaji wake ni mimi, akamaliza, na kuridhia sijaridhia.

Jioni ile Pili alimfuata uani. Walibishana kwa muda mrefu. Pili alimwambia atie saini upesi kabla serikali haijabadili kanuni. Mama Lazaro akasema hapana, atamfuta vumbi mpaka mmoja wao afe, na yeye ana afya nzuri.

"Mama," Pili akasema, "ulitaka aulizwe, ajibu. Humo kabatini hatajibu kitu. Utakuwa umemtunza tu."

Neno hilo la kutunza lilimchoma Mama Lazaro kuliko tusi.  Siku mbili zilizofuata, alipokuwa akipiga brashi mabega ya Kandoroba, aligundua kwamba yamenenepa, na kwamba yeye ndiye anayepeleka sahani uani asubuhi na jioni. Mwanawe alikuwa ameondoka amevimba kwa maji. Siku ya tatu alichukua fomu ya kumbukumbu, akaingia na stuli yake ndani ya kabati, akafunga mlango.

Akamwambia Kandoroba kwamba kama anaitaka saini ya mtunzaji ataipata, lakini kwanza fomu ijae: kilikotoka, kilichofanya, kasoro zake zote, na waliokimiliki. Kisha akamwuliza ndani ya mashine mlikuwa na nini. Kandoroba akasema vifaa vya kisasa. Mama Lazaro akafunga faili, akatoka. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa ni suala la kitaalamu. Akafunga faili, akatoka. Siku ya nne ya maswali hayo ilikuwa zamu ya dawa ya mchwa, na alimkuta amekaa sakafuni, mikono imefunika uso.

"Feni," akasema.

"Simama useme."

Akasimama. "Mlikuwa na feni, mama. Feni na taa."

Likishatoka hilo, mengine yalikuja bila kuvutwa. Alitaja aliyeandika mkataba, aliyeupitisha, aliyelipwa ili asiukague, na shemeji wa nani aliyezinunua feni kwa jumla. Alikuwa na uchu wa kutaja, mtu wa miezi mitano bila mazungumzo. Majina yalifika kumi na matatu, yakiwa ni pamoja na la Mwanasheria Mkuu na la Rais mwenyewe. Mama Lazaro aliyaandika kwa mwandiko wake mzuri wa makumbusho, kurasa kumi na moja, na Kandoroba akatia dole gumba kila ukurasa, kisha yeye akatia saini ya kuridhia.

Fomu ikapelekwa serikalini ili iidhinishwe. Mwanasheria Mkuu alisoma ukurasa wa mwisho, ule wa sahihi, kama ilivyo desturi ya ofisi za Kwetukwema. Alipenda kwamba unasema kuazimwa na hausemi kukabidhiwa, kwa hiyo serikali haikuwa imeshindwa kesi. Akaidhinisha siku hiyo hiyo. Rais naye akaweka saini, akaagiza redio itangaze kwamba nchi yetu sasa inasafirisha utamaduni.

Jaji wa Sangale alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua. Hakuwa na maneno mengi. Alimwamuru mshitakiwa asimame, akamwuliza ndani ya mashine mlikuwa na nini, akajibiwa. Akauliza feni ya aina gani. Ya mezani, akajibiwa. Akaandika, akapenga kamasi, na wiki moja baadaye akampa miaka ishirini na miwili.

Mama Lazaro alikuwepo, kama mtunzaji. Alitegemea neno lile likisemwa mbele ya jaji moyo wake ungetua. Haukutua. Alitoka kwenye ukumbi akashika ukuta, akamlilia mwanawe kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, akimwambia kwamba amesema, baba, amesema kama ulivyosema wewe. Pili alimshika kiuno mpaka akamaliza. Kisha alinawa uso, na alipoinua kichwa Pili aliona hasira yake bado iko palepale, imepumzika tu.

Jaji wa Sangale alikuwa amesoma kurasa zote kumi na moja. Siku ya tatu baada ya hukumu, Kwetukwema ilipokea maombi ya kukabidhi watu kumi na watatu. Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura. Walijua kabati la kioo ni nini, walikuwa wamepiga picha mbele yake. Lakini Sangale ni jela ya miaka mingi, na makumbusho yako nyumbani, karibu na familia, na Jumapili hufungwa. Tena wakahesabu kwamba yule mama amekwisha kumpata wake, amezeeka, atachoka. Jioni Tangazo la Serikali likatoka, lenye majina kumi na matatu, yote daraja la kwanza.

Mama Lazaro alilisoma mpakani, wakati pasipoti yake inagongwa muhuri. Akaomba simu ya Pili, akampigia Bwana Tweve kumwuliza makabati ya kioo yamebaki mangapi. Manne, akaambiwa. Akamwagiza atafute mafundi watengeneze mengine tisa, na matundu ya hewa yawe madogo. Bwana Tweve akauliza kwa sauti ya chini waanze na nani. Mama Lazaro akamwambia waanze na Rais, na kwamba yeye ataingia kazini Jumatatu saa moja asubuhi.